Wageni wa Kongwa

Tulimwacha mzee Hong Beom-do katika mji wa Kyzylorda, Kazakhstan, akilinda mlango wa jumba la maonyesho la Wakorea. Kwa msomaji anayeanzia hapa: huyo alikuwa jemadari wa msituni aliyewatia adabu Wajapani kule Manchuria mwaka 1920, kisha akahamia upande wa Urusi. Mwaka 1937 Stalin aliamuru Wakorea wa Mashariki ya Mbali, watu kama 172,000, wapakiwe kwenye mabehewa na kupelekwa nyika za Asia ya Kati. Jemadari akapakiwa nao. Alifariki mwaka 1943, mlinzi wa mlangoni. Mifupa yake ilirudi Korea Agosti 2021 ikisindikizwa na ndege za kivita, na rais akaenda uwanjani kuipokea.

Sikumsahau nilipofika kwenye sura hii, ingawa humu hatutatoka sana nje ya Tanzania. Maana sisi nasi tulikuwa na nyika yetu, na ndani yake watu wa mataifa ya mbali waliokaa miaka wakisubiri kurudi kwao. Wa kwetu hawakuletwa kwa mabavu. Walibisha hodi wenyewe, wakakaribishwa. Lakini mtu aliyekaa mwaka wa nne akisubiri gari la kumpeleka vitani, huku akiamshwa alfajiri kila siku kucheza kwata, sijui kama anaiona sana tofauti hiyo.

Ukitoka Morogoro kwenda Dodoma, ukapita Gairo, ukapita Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi, unafika Mbande. Basi linaendelea na safari yake. Wewe unakata kushoto. Ardhi ni nyekundu, mibuyu imesimama kama wazee waliogoma kuondoka barazani, ng'ombe wanavuka barabara kwa haki zote. Ukikutana na mtu mzima unamwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi, naye anakujibu bila haraka. Hii ndiyo Kongwa, mji wa wilaya kama miji mingine ya wilaya. Kati ya mwaka 1964 na 1969, hata hivyo, walikaa hapa kijana mmoja aliyekuja kuwa rais wa nchi, mwingine aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi, na mwingine aliyekuja kuwa mkuu wa majeshi, na nchi zao zilikuwa tatu tofauti. Alikaa pia msomi wa Kilatini ambaye kifo chake, miaka mingi baadaye, kilikaribia kuitumbukiza Afrika Kusini katika vita.

Kabla ya wageni hao, Kongwa ilikuwa na karanga.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Waingereza walikuwa hawana mafuta ya kupikia. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa akaleta wazo, na mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukazunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache, mara nyingi kwa ndege, ukarudi London na hesabu tamu: ekari zaidi ya milioni tatu zifyekwe, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, na karanga zipatikane kwa malaki ya tani kila mwaka. Kongwa ndiyo ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Hesabu ile ilikosa mhakiki mmoja tu, naye ni Mgogo. Wazee wa Ugogo walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, ile njaa iliyoanza mwaka 1917 ikaua watu wasiohesabika vizuri hadi leo. Wangeulizwa, wangesema kwamba mvua ya huku ni mgeni asiye na miadi.

Hawakuulizwa. Vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viling'olewa mizinga, vikageuzwa matrekta, vikapewa jina la Shervick na kuletwa kung'oa vichaka. Mibuyu ikakaidi, na nyuki waliokuwa ndani yake wakatoka kuwasaidia. Kiangazi kilipofika udongo ukawa tofali, karanga zikabaki chini, mashine zikavunjika. Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kwamba basi, imetosha. Hasara ilikuwa pauni milioni 36. Mradi kama huo ulikuwa umeanzishwa pia Urambo na Nachingwea, na msomaji alishike hilo jina la mwisho, tutalihitaji.

Mkulima akishindwa huondoka na jembe lake, lakini serikali huacha majengo. Kongwa zilibaki nyumba, karakana, barabara, na tawi la reli lililotoka Msagali kwenye Reli ya Kati. Ng'ombe wakachukua sehemu ya mashamba, ndiyo ranchi ya Kongwa tunayoijua. Nyumba nyingine zikabaki na popo. Ukitafuta mahali penye paa, penye njia ya kufikika, mbali na mpaka wowote na mbali na macho ya watu wa Dar es Salaam, usingepata pazuri kuliko hapo.

Mei 1963 viongozi wa Afrika walikutana Addis Ababa wakaunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na pamoja nao Kamati ya Ukombozi, ambayo makao yake yaliwekwa Dar es Salaam chini ya uenyekiti wa Oscar Kambona, waziri wetu wa mambo ya nje. Vijana wa kusini walikuwa tayari wanamiminika mjini: Wamakonde waliovuka Ruvuma, Wazulu na Waxhosa waliopitia Bechuanaland, Waovambo waliotembea miezi. Halafu, Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles wakaasi, na serikali changa ikaaibika mpaka ikaomba msaada wa Waingereza. Serikali iliyotoka kuonja hivyo ladha ya bunduki haiwezi kufurahia kuona mamia ya vijana wageni waliofunzwa vita wakizurura Kariakoo. Mwaka huo huo Kongwa ikafunguliwa kuwa kambi yao.

FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini. Baadaye ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Kila chama kilikuwa na kambi yake, na kambi zilipakana. Alfajiri ni mbio na kwata, mchana ni mafunzo ya silaha na siasa, waliosoma wanawafundisha wasiosoma, jioni mpira. Chakula ugali na maharage. Kiswahili wakakipata kwenye kisima, dukani, na kwa wasichana, kama kinavyopatikana siku zote.

Wa kwanza kung'ara alikuwa muuguzi. Samora Moisés Machel alifanya kazi katika hospitali ya Lourenço Marques, akatoroka mwaka 1963 alipojua polisi wa Kireno wanamwinda. Alipofika Bechuanaland hakuwa na njia ya kuendelea. Palikuwapo ndege iliyowabeba vijana wa ANC kwenda Dar es Salaam, na imejaa. J. B. Marks, mzee wa ANC, alizungumza na yule Mmsumbiji mwembamba, akavutiwa naye, akamshusha mmoja wa vijana wake mwenyewe ili Samora apande. Jina la huyo aliyeshushwa halikuingia katika historia, na mimi humuwaza sana. Samora akaenda mafunzoni Algeria, na aliporudi akapewa kambi ya FRELIMO ya Kongwa aiongoze.

Hapo ndipo jeshi la Msumbiji lilipoanza kupata umbo. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO walipiga risasi za kwanza katika kituo cha Chai, Cabo Delgado, kikosi kikiongozwa na Alberto Chipande, mwenzake Samora wa mafunzo ya Algeria. Baada ya hapo Kongwa ikawa mbali mno kwao. Wanamsumbiji walikuwa na bahati moja ambayo wenzao hawakuwa nayo: mto Ruvuma. Ukiuvuka, uko nyumbani, na adui yuko mbele yako. Kwa hiyo wakahamishia mafunzo yao kusini, katika shamba jingine la karanga zilizokufa, Nachingwea. Mwaka 1966 Filipe Samuel Magaia, mkuu wa ulinzi wa FRELIMO, aliuawa, na Samora akachukua nafasi yake. Mwaka 1975 akawa rais wa Msumbiji huru. Shule mbili za huyu mtu, Kongwa na Nachingwea, zote zililipiwa na mlipa kodi wa Uingereza aliyekuwa anataka siagi ya bei nafuu. Sijui hasara nyingine ya pauni milioni 36 iliyozaa matunda namna hiyo.

Wanamibia hawakuwa na Ruvuma. Walikuwa na miguu. Machi 1965 watu sita waliondoka Kongwa wakiongozwa na John Otto Nankudhu; miongoni mwao alikuwa Patrick Iyambo, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lungada. Walipita Zambia, wakapita Angola iliyokuwa mikononi mwa Wareno, wakaingia Ovamboland Septemba. Miezi sita. Walipofika wakaanza kuwafundisha wanavijiji kwa siri, na hatimaye wakajenga kambi mahali panapoitwa Omugulugwombashe. Tarehe 26 Agosti 1966 helikopta za Afrika Kusini zikashuka juu yao. Silaha walizokuwa nazo zilikuwa za kuhesabika vidoleni, na pambano lile kwa hesabu za kijeshi walilipoteza. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa ya Namibia, Siku ya Mashujaa. Nankudhu alikamatwa, akashitakiwa Pretoria pamoja na Andimba Toivo ya Toivo na wenzao, akahukumiwa kifungo cha maisha, akakaa Kisiwa cha Robben mpaka mwaka 1985.

Kamanda wao mkuu, Tobias Hainyeko, hakuuona hata mwisho wa miaka hiyo ya sitini. Mei 1967 alikuwa ndani ya mashua kwenye mto Zambezi, akienda kuangalia hali ya vikosi mbele, ikagunduliwa, akauawa katika mapigano. Nafasi yake ilichukuliwa na Dimo Hamaambo, mtu mwingine wa Kongwa, mpole wa sura kwa wanaomkumbuka kwenye picha, aliyeliongoza jeshi la SWAPO kwa zaidi ya miaka ishirini. Alinusurika Cassinga, kambi ya Angola ambayo makaburu waliipiga kwa ndege Mei 1978 na kuua mamia. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 akawa mkuu wa kwanza wa majeshi yake.

Sasa Waafrika Kusini. Hapa ndipo sura hii inapokuwa nzito, na ndipo namrudia mzee wa Kyzylorda.

Wengi wa vijana wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, walikuja Kongwa wakitokea Umoja wa Kisovieti. Walikuwa wamefunzwa Odessa, kwenye Bahari Nyeusi, mji ambao leo uko Ukraine, chini ya viongozi wao Joe Modise na Moses Mabhida. Wengine walifunzwa Moscow. Walirudi na vyeti, na viatu vizuri vya baridi, na imani. Dola ile iliyomfanya jemadari wa Kikorea kuwa mlinzi wa mlango ndiyo iliyowafunza hawa kutumia redio na baruti. Wako waandishi watakaokwambia kwamba jambo moja kati ya hayo mawili ni propaganda. Yote mawili ni kweli, na mtu anayeandika habari za watu wa ugenini lazima azoee kuyabeba pamoja.

Ambrose Makiwane aliongoza kambi mwanzoni, kisha Modise. Joe Modise alikuwa dereva wa lori Johannesburg kabla ya siasa kumchukua. Alikuwa mtu wa mitaa ya Alexandra na Sophiatown, mwenye mambo yake, na walio chini yake hawakumpenda wote. Chris Hani alikuwa kinyume chake: mtoto wa kijiji cha Sabalele, Transkei, jina lake la kuzaliwa Martin Thembisile, aliyesoma Kilatini na fasihi ya Kiingereza Fort Hare na alitaka, utotoni, kuwa padri. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili tu alipofika Kongwa. Pamoja nao alikuwapo Archie Sibeko, mtu wa vyama vya wafanyakazi wa Cape Town, ambaye baadaye aliandika kumbukumbu zake.

Wakasubiri.

Chukua ramani uone. Kutoka Kongwa hadi mpaka wa Afrika Kusini ilikuwapo Zambia, iliyokuwa imepata uhuru Oktoba 1964 na bado inaogopa majirani zake. Halafu Rhodesia ya Ian Smith, au Msumbiji ya Wareno, au Bechuanaland ya Waingereza. Njia hakuna. Siku ya kwanza ya mtu aliyefuzu vita ni kusafisha bunduki. Siku ya mia tatu pia. Wenzao wa FRELIMO wameondoka wanapigana. Wale Wanamibia sita wametembea wamefika. Wao wanakimbia kilomita zao za alfajiri na kurudi kwenye ugali uleule. Malaria ikawapiga. Ugomvi ukaingia, wa makabila na wa vyeo, nani anakwenda Dar es Salaam na nani anabaki vumbini, kwa nini mkubwa fulani ana gari. Watu waliokimbia pasi za makaburu wakajikuta hawaendi mahali bila ruhusa. SWAPO nao hawakusalimika: mwaka 1968 vijana saba waliokuwa wamefunzwa China walihoji uongozi wao waziwazi, wakaishia katika gereza la Keko. Habari hii haisimuliwi sana kwenye sherehe za uhuru. Isimuliwe. Kambi ya wapigania uhuru nayo ilikuwa na watu waliofungwa kwa kuuliza maswali, na walinzi wa gereza walikuwa wa kwetu.

Mwisho wa Julai 1967 hatimaye mlango ulifunguka. Kikosi cha ANC kikaungana na cha ZAPU, kikavuka Zambezi kuingia Rhodesia, kikipewa jina la Luthuli, rais wa ANC aliyekuwa amefariki siku chache tu kabla. Hani alikuwa kamisaa wake. Walipigana Wankie, porini, kwa wiki kadhaa, bila maji na bila chakula. Wengi waliuawa au kukamatwa, na Hani na baadhi ya wenzake walipita hadi Botswana, ambako walifungwa. Alipoachiwa akarudi Zambia na kukuta wakubwa hawana hata hamu ya kuuliza kilichotokea. Mwanzoni mwa 1969 yeye na wenzake sita wakaandika waraka. Humo walisema, kwa lugha isiyopaka mafuta, kwamba viongozi wamezoea maisha ya ugenini na kusahau nyumbani.

Walisimamishwa chama. Wengine walitaka wapewe adhabu kali zaidi. Badala yake, Aprili 1969 ANC iliitisha mkutano mkubwa Morogoro, na kutoka hapo mambo mengi yakabadilika: jeshi likawekwa chini ya uongozi wa siasa, na watu wa rangi zote wakafunguliwa milango ya ANC ya ugenini. Hani na wenzake wakarudishwa. Vitabu vya historia huuita Mkutano wa Morogoro. Kwa maoni yangu Kongwa nayo ilistahili kuwamo katika jina hilo, kwa kuwa malalamiko yaliyofika mezani Morogoro yaliivishwa kwenye zile kambi, mwaka baada ya mwaka, na watu waliokuwa na muda mwingi wa kufikiri kuliko walivyotaka.

Ndipo likaja jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Katikati ya mwaka huo huo wa 1969 serikali ya Tanzania iliitaka ANC iwaondoe wapiganaji wake Kongwa, tena kwa siku za kuhesabika. Ndege zikaja kuwachukua, zikawarudisha Umoja wa Kisovieti. Watu waliofunzwa Odessa, wakangoja Kongwa, wakapigana Wankie, wakarudishwa walikoanzia kama mchezo wa nyoka na ngazi. Walianza kurejea Afrika mwaka mmoja au miwili baadaye.

Kwa nini? Serikali wakati huo ilikuwa inachunguza njama ya kuipindua, na kesi ya uhaini ikafika mahakamani mwaka 1970, Bibi Titi Mohamed akiwa kizimbani. Shahidi mkubwa wa serikali alikuwa mgeni: Potlako Leballo wa PAC, chama hasimu cha ANC. Aliyetajwa kuwa kinara wa njama hakuwepo mahakamani. Alikuwa Oscar Kambona. Yule yule aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi Kongwa ilipofunguliwa alikuwa ameondoka nchini mwaka 1967 na anaishi London, mkimbizi. Alirudi mwaka 1992, miaka ishirini na mitano baadaye, akafariki mwaka 1997. Nimetafuta katika sura zote za kitabu hiki mwenyeji aliyekuja kuwa mgeni kiasi hicho, sikumpata.

Yaliyobaki yanajulikana. Samora alikufa katika ajali ya ndege Mbuzini, Oktoba 1986. Modise alikuwa waziri wa kwanza wa ulinzi katika serikali ya Mandela, kuanzia 1994 hadi 1999. Hani alirudi nyumbani mwaka 1990, mtu aliyependwa na vijana pengine kuliko yeyote baada ya Mandela. Tarehe 10 Aprili 1993 alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Boksburg na Janusz Waluś, mhamiaji kutoka Poland. Usiku ule nchi nzima ilishika pumzi. Mandela, ambaye hakuwa bado rais, alikwenda kwenye televisheni kuituliza.

Na J. B. Marks, mzee aliyemshusha kijana wake ndegeni ili Samora apande? Aliugua, akapelekwa Moscow kutibiwa, akafia huko mwaka 1972, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy. Umoja wa Kisovieti ukavunjika, makaburu wakaondoka madarakani, yeye bado yuko kwenye theluji. Mifupa yake ilirudi Afrika Kusini Machi 2015, pamoja na ya Moses Kotane, mwenzake wa ANC, ikazikwa kwa heshima zote za taifa. Septemba 2024 Afrika Kusini ilileta nyumbani mabaki ya makumi ya wengine kutoka Zambia na Zimbabwe. Serikali kumbe huwa na kumbukumbu, ila inachelewa.

Hawa niliowataja ni watu mashuhuri, na sura iliahidi watu mashuhuri. Lakini ukikaa Kongwa siku mbili tatu mazungumzo hayabaki kwao. Kambi zilikuwa karibu zote za wanaume, na pembeni yake palikuwa na mji wenye wasichana. Watoto wakazaliwa. Wapo waliofunga ndoa, na baadhi ya ndoa zikasafiri na waume zao. Lakini mpigania uhuru anaondoka usiku, haagi, hasemi anakwenda wapi, na pengine jina alilokuambia si lake. Ndiyo kanuni ya kazi yake. Mtoto anakua akijua kwamba baba alikuwa komredi, basi. Atamtafutaje? Kwa jina la vita ambalo watu watatu walilitumia? Nyaraka za vyama zinahifadhi ripoti za mikutano na orodha za risasi. Mama mwenye nyumba ya tembe aliyempikia ugali wa uwele na mlenda mtu ambaye leo ana barabara iliyopewa jina lake Windhoek hayumo katika orodha yoyote.

Hashim Mbita, aliyekuwa katibu mtendaji wa Kamati ya Ukombozi kuanzia 1972 mpaka kazi ilipokwisha 1994, alitumia miaka yake ya uzeeni kusimamia ukusanyaji wa historia hii kwa ajili ya nchi za SADC. Ikatoka katika majuzuu tisa, mwaka mmoja kabla hajafariki, 2015. Ni kazi kubwa na ya lazima. Ni kazi, hata hivyo, ya vyama, na mwenyeji wa Kongwa anapatikana humo kwa tabu.

Makaburi ya waliofia hapa yapo. Malaria, ajali, magonjwa; si kila shujaa hufa kwa risasi. Mpango wa Urithi wa Ukombozi wa Afrika, ambao Tanzania ni mwenyeji wake, umeihesabu Kongwa miongoni mwa maeneo yake, na viongozi wamekuja na kuondoka na ahadi za makumbusho. Makumbusho yatajengwa siku moja, sina shaka, na yatakuwa na picha kubwa ya Samora mlangoni. Anastahili.

Ombi langu ni kwa msomaji wa Kongwa, au mwenye ndugu Kongwa, Mpwapwa, Kibaigwa. Waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1964 wamepita themanini sasa. Kama nyumbani kwenu kuna bibi anayejua nyimbo mbili tatu za Kizulu au za Kiovambo na hajawahi kusema alizipata wapi, muulize mwaka huu. Kama ana picha ya kijana aliyevaa kaptula ya kijeshi, mwandikieni jina nyuma yake, hata kama ni la vita tu, na tarehe, na mahali ilipopigwa. Msiitupe wakati wa kuhama nyumba.